Mashimo tisa juu ya majabali: mikwaju 74, mipira 11, na kedi aliyenifundisha upepo

Assalaam alaykum nyote. Tangu watu wajue kwamba mie siku hizi nacheza gofu, kila nikikaa barazani naulizwa: ni ghali kiasi gani, si mchezo wa wazungu ule, na hapa Unguja unachezea wapi. Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike yote kwa pamoja, tena nianze na siku yangu mbaya kuliko zote. Ilikuwa mwezi wa saba, niliingia kwa mara ya kwanza uwanja wa mashimo tisa ulioko juu ya majabali, pwani ya upande wa machweo, nikatoka na mikwaju 74 (kila pigo la mpira ni mkwaju, na michache ndo bora) wakati uwanja mzima umewekewa 35, yaani idadi anayotarajiwa mchezaji mzuri, na mipira 11 nikaiacha hukohuko. Jina la uwanja silitaji maana n'tasema na yaliyonikera, na sitaki kumharibia mtu biashara yake.

Kazi yangu naendesha gari za watalii. Mgeni mmoja nilomzungusha wiki nzima aliponiaga akaniachia mfuko wake wa zamani, fimbo saba ndani, akanambia jifunze huu mchezo utaupenda. Nikaanza kufanya mazoezi kiwanja cha mpira Fuoni, saa 12 asubuhi baada ya sala ya alfajiri kabla watoto hawajaingia. Miezi sita nikipiga vile, mpira unakwenda moja kwa moja, unaanguka pale ninapotaka, nikajiona nimeshafuzu. Na hapa ndo penye kosa langu la kwanza ambalo sikulijua mpaka baadae: saa 12 asubuhi hakuna upepo. Majani yana umande, minazi imesimama kimya, hata moshi wa jikoni unapanda juu wima. Mie nilijifunza gofu ya dunia isiyo na upepo halafu nikaenda kucheza juu ya jabali mwezi wa kusi, tena alasiri.

Kwa wanaosema ni mchezo wa wazungu, sawa, lakini si mgeni hapa kwetu. Babu yangu akituhadithia kwamba enzi za Waingereza pale Mnazi Mmoja palikuwa na uwanja wa gofu, wao wanacheza na wenyeji wanatazama kutoka barabarani au wanabeba mifuko. Mie nilipolipa ada yangu dirishani siku ile nilimkumbuka sana.

Tuzungumze pesa kabla ya mashimo. Ada ya uwanja, kukodi fimbo ambazo sikuwa nazo, kedi (mtu wa kukubebea mfuko na kukuelekeza), mipira, maji, mafuta ya gari, jumla ilinitoka laki mbili na ushee, na kwangu mie hiyo si pesa ya kuchezea. Mipira nilinunua 12 iliyotumika, 3,000 kila mmoja. Nilichagua alasiri kwa sababu ada ilikuwa nafuu kidogo kuliko asubuhi, na ile nafuu ililiwa yote na mipira niliyopoteza. Fimbo za kukodi zilinikera kweli, mipini raba imekufa, ukishika kwa jasho inateleza, na nilipolalamika nikaambiwa ndizo zilizopo. Kwa hiyo ukikodi zishike kwanza moja moja kabla hujalipa, na nenda na kitambaa kikavu. Shati liwe na kola, hilo usilisahau, kuna mtu nilimuona karejeshwa getini kwa sababu ya fulana. Na usihangaike kutafuta fimbo 14, hizo ndo mwisho unaoruhusiwa, hakuna aliyesema lazima zitimie. Mwanzoni saba zinatosha kabisa.

Kedi nilopewa ni mtu wa makamo wa kijiji cha jirani, n'tamwita Ami Kombo. Zamani alikuwa mvuvi, kenda na ngalawa miaka mingi mpaka mgongo ukamkataa. Mie kwa ujinga wangu nilimchukulia kama mtu wa kunibebea mfuko tu. Sikumuuliza kitu. Yeye kwa adabu yake hakunilazimisha, akawa anasema neno moja, nikilipuuza ananyamaza.

Shimo la kwanza ni la mikwaju 4, yaani ndo liliyowekewa, limenyooka linaelekea kaskazini, njia pana, majani mazuri, ukilitazama unasema hili langu. Nikachukua draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira ukaruka haujawahi kuruka vile, nikafurahi peke yangu. Sikujua kwamba nimesukumwa na kusi kutoka mgongoni. Mkwaju wa pili nikachukua fimbo ileile ninayotumia Fuoni kwa umbali ule, Ami Kombo akasema "punguza, mwanangu", sikupunguza, mpira ukapita juu ya grini, yaani ile sehemu ya majani mafupi lilipo tundu na bendera, ukaingia kwenye maweni huko nyuma. Wasiojua maweni ni yale mawe makali ya matumbawe yenye vichaka vya miiba, mpira ukiingia humo hata ukiuona huutaki tena, ushachanwa. Ikawa 7. Upepo wa nyuma unadanganya kuliko wa mbele kwa sababu unakufanya ujione hodari, na mpira unaosukumwa kwa nyuma ukianguka hausimami, unakimbia. Inabidi uuangushe kabla ya grini uache utembee wenyewe.

Shimo la pili ndo lile watu wanalopigia picha. La mikwaju 3, kama mita 140, unasimama ukingoni mwa jabali na grini iko ng'ambo ya kihori, katikati chini maji ya buluu yanagonga mawe. Bahari iko kushoto na mbele yako. Ukisimama pale miguu inakuwa myepesi, nasema kweli, na mate yanakauka. Ami Kombo akaninyooshea kidole mkadi mmoja uliosimama kulia kabisa mwa grini, mbali na bendera, akasema "lenga ule mkadi". Nikaona huyu mzee vipi, bendera ile pale nami nilenge mti? Nikalenga bendera. Mpira ukapanda vizuri, ukasimama hewani kidogo, halafu ukaanza kuteremka kushoto taratibu kama mtu aliyeitwa, ukaenda majini. Wa pili vilevile. Wa tatu nikaupiga kwa hofu ukaangukia grini, nikasukuma mara tatu, pamoja na adhabu za ile miwili ya majini ikawa 8.

Ngoja niseme hapa jambo ambalo Ami Kombo alinifahamisha baadae. Pwani ile ya magharibi kusi inakuja kutoka kusini lakini ina mashariki ndani yake. Kaskazi nayo inatoka kaskazini lakini na yenyewe ina mashariki ndani yake. Kwa hiyo ukenda mwezi wa saba au ukenda mwezi wa kwanza, zote mbili zinakusukumia mpira baharini. Hakuna msimu wa upepo ambao bahari haiuvuti mpira wako. Basi yule anayelenga bendera moja kwa moja kwenye mashimo ya ukingoni anajitakia.

La tatu ni refu, mikwaju 5, linageuka kuingia ndani baina ya minazi, na pale nilipoteza mpira kwa kisa ambacho kitakufaa. Mkwaju wangu wa tatu ulikuwa mzuri, mpira umelala katikati ya njia nauona kwa macho yangu, mara kunguru akashuka, akauzungukazunguka, akaunyanyua na mdomo akaruka nao juu ya mnazi. Tuliona wote, mie, Ami Kombo na wale waliokuwa nyuma yetu. Kunguru hawa wa Kihindi, walioletwa hapa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1800, mnawajua wenyewe, hawaachi kitu. Mie kwa kutojua sheria nikahesabu mpira umepotea, nikajiongezea mkwaju wa adhabu nikarudi nyuma kupiga upya. Kumbe sheria iko wazi, mpira uliotulia ukichukuliwa na mnyama au ndege na ikajulikana hakika kwamba ndivyo, unaweka mwengine palepale ulipokuwa, bila adhabu yoyote. Nilijitia hasara mwenyewe na nikamaliza na 10. Someni sheria, jamani. Zipo bure kwenye simu, na nyingi zilirahisishwa mwaka 2019.

Baada ya la tatu tukasimama kuswali alasiri kwenye kibanda, tukawapisha wa nyuma yetu wapite. Hilo halina tabu kabisa, ukiwaambia watu mapema wanaelewa, na kuwapisha wenye kasi ni katika adabu za mchezo.

Shimo la nne lilinivunja moyo. Mikwaju 4, linarudi kusini ukingoni mwa jabali, bahari kulia mwanzo hadi mwisho, na kusi sasa inakupiga usoni na bega la kushoto. Mie kama wanaoanza wengi mpira wangu una tabia ya kukata kulia mwishoni. Fuoni ulikuwa unakata kidogo nikaona si neno. Ukiupiga dhidi ya upepo ile kasoro ndogo inakuwa kubwa mara tatu. Wa kwanza ulitoka sawa, ukafika juu, ukakata, ukaenda baharini. Nikakasirika, wa pili nikaupiga kwa nguvu zaidi ndo ukakata zaidi. Wa tatu kwa nguvu zangu zote. Uleule mwendo. Nikahisi masikio yanawaka moto, nikatazama nyuma kama kuna watu wanaoniona. Wa nne nikachukua fimbo namba 7 nikaugonga polepole, ukenda mita mia tu lakini uko kwenye majani, na nikamaliza na 11.

Makosa mawili hapo. La kwanza ni nguvu. Dhidi ya upepo ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi na unapanda zaidi, na ukipanda ndo upepo unaupata. Chukua fimbo kubwa zaidi, yaani ya kupeleka mpira mbali zaidi, ishike chini kidogo, mpira uuweke nyuma zaidi karibu na mguu wa kulia, halafu piga nusu mkono. Kwa upepo wa kukubali ongeza fimbo moja, kwa upepo wa kukukaba pua ongeza mbili, na usione haya. La pili ni sheria tena. Upande ule wa bahari umewekewa vigingi vyekundu. Mpira ukiingia eneo la vigingi vyekundu si lazima urudi ulipoanzia, unaruhusiwa kutazama pale ulipovukia mpaka, ukahesabu urefu wa fimbo mbili bila kulisogelea shimo, ukadondosha mpira kutoka usawa wa goti, adhabu mkwaju mmoja basi. Mie mara tatu nilirudia pale pale pa kuanzia na kila mara nikaikuta bahari ileile. Ningelijua lile ningeliondoka pale na 7 au 8 na mipira miwili ingekuwa bado mfukoni.

La tano na la sita sina mengi. Yako ndani, yamekingwa na mivinje, upepo haufiki sana, nikapata 5 na 7. La sita lina banka mbili za mchanga mweupe laini sana, fimbo inazama, usiuguse mpira, upige mchanga nyuma yake kidogo uache mchanga uutoe. Na majani ya grini yake yamelala kuelekea upande mmoja, ukisukuma mpira kinyume na majani yalivyolala unasita, ukifuata unateleza. Chungulia kwanza, majani yakiwa yanang'aa ujue yamelala kwenda mbele yako.

Sasa la saba. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu halihusu mikwaju peke yake.

La saba ni la mikwaju 4 na linapinda kulia. Pale kwenye pembe pana mbuyu mkubwa, na ndani ya ile pembe ni maweni matupu. Nyuma ya maweni kuna vigingi vyeupe, na nje ya vigingi vyeupe ni shamba la mihogo la watu wa kijiji. Njia ya salama unapiga moja kwa moja mpaka usawa wa mbuyu halafu unageuka. Njia ya mkato unapita juu ya maweni ukiweza. Mie wakati ule nshavunjika moyo, nataka kitu kimoja kizuri cha kuwahadithia wenzangu, nikachukua draiva. Ami Kombo safari hii hakusema neno moja, alisema maneno mazima: "Mwanangu, huko kuna watu."

Nikapiga. Mpira ukakata kulia ukavuka maweni, ukavuka vigingi, ukaingia kwenye mihogo. Sikupiga ukelele wa kuonya. Nikaweka wa pili, nao ukenda kulekule, na sasa nikasikia sauti ya mtu huko, sauti ya mwanamke, akiita. Mwili ulinifa ganzi. Mpira wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi, mgumu kama jiwe, unatoka kwenye fimbo kwa kasi ambayo ukimpata mtu kichwani mengine ni kumuomba Mungu. Ami Kombo kashaweka mfuko chini anakimbia, namfuata.

Tulimkuta bibi mmoja kasimama na jembe lake, kanga kajifunga kiunoni, anatazama mpira mweupe uliolala baina ya matuta hatua tatu kutoka miguuni pake. Tuta lilikuwa na tundu dogo pale ulipopiga, udongo mwekundu umeruka mpaka kwenye majani ya muhogo. Nikamwambia shikamoo bibi, akanijibu marahaba mwanangu, halafu akanyamaza kidogo akasema, "Wa kwanza nimeusikia ukipita. Huu nimeuona." Hakunitukana. Ningelipenda anitukane. Nikamuomba radhi, nikamuomba radhi tena, akasema hayo yamepita lakini akamgeukia Ami Kombo, "Kombo, waambieni wageni wenu wapige kelele."

Wageni wenu. Mie mtoto wa hapahapa.

Tukarudi kimya. Mpira wa tatu nikaupiga kwa mkono unaotetemeka ukapotea kwenye maweni, wa nne nikaupiga mfupi kuelekea mbuyu, nikamaliza na 12 na sikujali tena hesabu. Nawaomba sana mlichukue hili kuliko yote niliyoandika: mpira ukikuponyoka kuelekea walipo watu piga ukelele mkubwa palepale, "foo!", ndo neno linalotumika viwanjani kote, ukishindwa hilo sema hata "jihadharini!" au "mpira!", ilmuradi sauti itoke. Usingoje kuona utaangukia wapi. Na pale palipo na shamba, njia au nyumba ya mtu upande unaokatia mpira wako, draiva iache mfukoni. Wiki iliyofuata nilirudi kijijini na kilo kadhaa za sukari na unga wa ngano kumpelekea yule bibi, akapokea, tukazungumza, akanionesha kidebe cha mipira aliyokwisha kuiokota shambani kwake. Kilijaa.

Kabla ya shimo la nane nikakaa chini kwenye jiwe nikamwambia Ami Kombo, nisamehe, tangu shimo la kwanza unanambia nami sisikii, nifundishe. Akanitazama, akacheka kidogo, akavua kofia yake. Akasimama uso kuelekea baharini, akafumba macho, akaanza kugeuza shingo polepole kushoto, akasimama, akarudi kidogo kulia, akasimama. "Masikio yote mawili yakisikia upepo sawasawa," akasema, "basi pua yako ndo inauelekea." Halafu akanionesha ngalawa iliyokuwa nje kule, tanga limejaa upande gani, na chini yetu maji yamekunjana vipi, na makuti ya minazi ya juu yanapepea vipi maana upepo wa chini tulipo na upepo wa juu unapopita mpira si mmoja. Mie nilikuwa nachuma majani narusha hewani kama nilivyoona kwenye simu, kumbe yale yananambia upepo wa usawa wa kifua tu.

La nane ni la mikwaju 3, linaelekea machweo, grini imekaa kwenye pembe ya jabali, bahari kulia na nyuma, upepo unatoka kushoto. Akanambia mpira ni kama mashua isiyo na usukani, ukishauachia umeuachia, kwa hiyo uachie joshini, upande upepo unakotoka, upepo wenyewe uuteremshe mpaka demani, upande upepo unakokwenda, pale unapotaka ufike. Lengo langu likawa jiwe jeupe lililokuwa mbali kushoto mwa grini, mahali ambapo kwa akili ya Fuoni ni upotevu. Fimbo namba 6 badala ya namba 8, yaani ya kwenda mbali zaidi, nusu mkono. Mpira ukatoka chini, ukaelekea kwenye jiwe, na moyo wangu ukasema umekwisha huo, halafu ukaanza kuteremka kulia, polepole, ukaanguka mbele ya grini ukatembea mpaka juu yake. Nikasukuma mara tatu, ya mwisho ya kugusa tu, nikamaliza na 4. Kuna wanaopata 4 pale kila siku. Mie nilitokwa na machozi na sioni haya kusema, ile siku ilikuwa nzito.

La tisa linarudi kaskazini nyumbani, mikwaju 5, na kwa sababu nilianza saa 9 alasiri saa hizo jua liko chini upande wa kushoto linapiga macho, mpira ukishapanda huuoni. Nikapoteza mmoja hivyohivyo. Ruhusa ya kutafuta ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Ukicheza jioni mtume kedi atangulie mbele asimame pa kuuona unapoanguka. Nikamaliza na 10, jumla 74.

Nilikaa wiki nzima nasikia unyonge. Halafu nikaanza upya. Mazoezi nikayahamisha kutoka alfajiri kwenda alasiri, tena si Fuoni, nikawa nakwenda pwani maji yakitoka, mahali wazi pasipo mtu, nagonga mpira kwenye mchanga mgumu dhidi ya upepo, upepo wa ubavu, upepo wa nyuma. Wenye mchezo wao Waskoti waliuzalisha pwani vilevile, kwenye nyasi za mchanga zenye upepo, na hata hii idadi ya mashimo 18 ilitokana na uwanja wa St Andrews mwaka 1764 walipopunguza kutoka 22, kwa hiyo usidhani upepo unauharibu mchezo, mchezo ulizaliwa ndani yake. Nilisoma sheria jioni, kurasa chache chache. Nikajua pia kwamba handikapu, ile mikwaju ya ziada anayohesabiwa mchezaji kwa mashimo 18, ya juu kabisa ni 54, yaani mtu anayeanza anakubalika rasmi akiwa na mikwaju mitatu ya ziada kila shimo, basi ile aibu yangu ya mwezi wa saba ikapungua.

Nilirudi mwezi wa 11, maleleji, kusi inaondoka na kaskazi haijaingia, saa 1 asubuhi, nikamuomba Ami Kombo kwa jina na nikampigia simu siku mbili kabla. Ada ya asubuhi ikawa juu kidogo na sikujuta hata shilingi. Shimo la pili nikalenga mkadi. La nne nikapiga namba 7 mara tatu mpaka grini. La saba nikapita njia ya mbuyu. Mvua ya vuli ilitunyeshea la sita tukajibanza chini ya mivinje. Nikatoka na 51, mipira miwili tu imepotea.

Tulipotoka getini siku hiyo maji yalikuwa yametoka sana, bamvua, na watoto wa kijiji wanapanda kutoka chini ya majabali, wengine na pweza, wengine na mipira ya gofu waliyoiokota kwenye mawe. Wanaiuza elfu moja moja. Mie mipira yangu huitia alama ya vidoto viwili vya wino wa buluu ili isichanganyike na ya mtu. Kijana mmoja wa miaka kama kumi akanifungulia mfuko wake, nikapekua, nikaukuta mmoja una vidoto viwili, buluu imefifia, umechanwa na tumbawe upande mmoja na ndani ya mchaniko kuna kijani cha mwani kishaanza kushika. Nikamuuliza huu umeupata wapi, akanyoosha kidole kwenye kihori cha shimo la pili. Nikampa elfu yake.